Shajara ya mradi: Petroli inayovuja kati ya kabureta za Honda CB750 ya 1972

Pikipiki ni Honda CB750 K2 ya mwaka 1972, injini ya silinda 4 na sentimita za ujazo 736, yenye kabureta 4 za Keihin za milimita 28 zilizopangwa safu moja. Niliachiwa na mjomba wangu na ninaipenda kuliko chombo chochote nilichowahi kukishika. Inawaka, inavuta, ila inavuja petroli. Nitaandika kila hatua inapokamilika, ili mwenye pikipiki kama hii, au yoyote ambayo kabureta zake zimeunganishwa kwa mabomba ya T, apate pa kuanzia. Gharama nazihesabu kwa saa za kazi, vipuri vilivyoharibika na mafuta yaliyomwagika.

Jumamosi, 3 Mei 2025: Kutafuta panapovuja

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila nikifungua banda asubuhi, petroli inanipokea kabla macho hayajazoea giza. Kisha nikaona doa sakafuni, upande wa kulia chini ya injini. Nikifungua koki ya mafuta, tone linadondoka kila baada ya sekunde 9 hivi. Nikiifunga, linaendelea dakika chache halafu linakoma.

Kabla ya yote: nimetoa waya hasi wa betri, nimefungua milango miwili, hakuna chochote kinachowaka ndani ya banda, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uko mkononi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo na pembe. Usiupime kwa pua ukasema umeisha.

Kosa la kwanza lilitokea hapa hapa. Tone lilikuwa likianguka kutoka kwenye bakuli la kabureta ya 3 (huhesabiwa kuanzia kushoto kwa mwendeshaji aliyeketi), nami nikaamua kwamba mgonjwa ni boya, kile kinachoelea bakulini na kusukuma sindano izibe mafuta yakifika kimo chake. Nikafungua waya unaobana bakuli, nikasafisha sindano ya boya, nikapima kimo cha boya nikakikuta milimita 26 kama inavyotakiwa, nikarudishia. Tone likaendelea vilevile. Saa moja na nusu ikaenda bure kwa sababu nilitazama mafuta yanapoangukia nikaacha kutazama yanapotokea. Petroli hutambaa juu ya chuma na kuteremka hadi ncha ya chini kabisa, ndipo inaachia.

Nikabadili njia. Nilikausha kabureta zote kwa kitambaa, nikasaga chaki nyeupe, nikaipaka kwa brashi laini kwenye viungo vyote: mipira ya mafuta, mabomba ya T, kingo za mabakuli. Kisha nikafungua koki, nikakaa na tochi bila kugusa kitu. Dakika ya nne, kati ya kabureta ya 3 na ya 4, chaki iligeuka kijivu. Ulianza mstari mwembamba kama uzi, pale hasa mkono wa bomba la T unapoingia ubavuni mwa kabureta ya 3, ukapanuka polepole, ukazunguka chini ya kabureta na kushuka hadi bakulini. Kwingine kote chaki ilibaki nyeupe, kavu.

Kwa asiyeijua: koki ya mafuta ina midomo miwili. Mpira mmoja unalisha bomba la T lililo kati ya kabureta ya 1 na ya 2, wa pili unalisha lile lililo kati ya ya 3 na ya 4. Mguu wa T hupokea mpira, na mikono yake miwili huingia ndani ya kabureta jirani, kila mkono ukizibwa kwa oringi, yaani pete nyembamba ya mpira. Hakuna nati wala uzi wa kukaza. Kinachozuia petroli ni ile oringi peke yake, na ndiyo maana kiungo hiki hakirekebishwi kwa spana.

Nimepima pia mirija ya shaba iliyo ndani ya mabakuli, ile ya kutolea mafuta yakizidi. Mirija hii hupasuka, na ukipasuka petroli inamwagika hata kama boya na sindano ni vizima. Nilijaza kila bakuli petroli, nikaliweka juu ya karatasi kavu kwa robo saa. Karatasi zote 4 zilibaki kavu.

Saa: 3.

Jumapili, 4 Mei: Silikoni (usifanye hivi)

Sikuwa na oringi mpya na nilikuwa na haraka. Nikatoa safu nzima ya kabureta, nikalegeza skrubu za bamba linalozishika upande wa kabureta ya 4, nikapata nafasi ya kulichomoa bomba la T kidogo. Nikaipaka oringi ya zamani silikoni ya tyubu, ile ya kuzibia gasketi, nikarudisha, nikaacha ikauke usiku kucha.

Asubuhi ilikuwa kavu. Nilifurahi, na nikaendesha siku 3.

Saa: 4.

Jumamosi, 10 Mei: Silikoni imebanduka, kazi imeanza upya

Siku ya nne uvujaji ulirudi, ukaja na mwenzake: kabureta ya 4 nayo ilianza kufurika kupitia mrija wa bakuli. Nilipofungua niliona sababu zote mbili. Silikoni hiyo haivumilii petroli. Ilikuwa imevimba, imelainika kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na inavuliwa kwa ukucha. Vipande vilivyokuwa ndani ya bomba vilisombwa na mafuta hadi kwenye kiti cha sindano ya boya, na kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kimekaa palepale sindano inapofungia. Tatizo moja nilikuwa nimelifanya mawili kwa mkono wangu.

Nikaamua kutenganisha kabureta zote 4 nifanye kazi kamili. Hapa kuna jambo la bisibisi ambalo lazima niliseme kwa kirefu.

Skrubu za pikipiki za Kijapani za enzi hizo zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile cha kawaida, lakini si kimoja. Ni kipimo cha Kijapani kinachojulikana kwa herufi JIS. Bisibisi ya msalaba ya kawaida haizami hadi chini. Inakaa juu juu, na ukiongeza nguvu inapanda na kuondoka na kingo za skrubu. Niliharibu vichwa viwili kabla ya kusimama na kujiuliza kwa nini. Skrubu hizi zimekaa zaidi ya miaka 50, chuma kimeshikana na aloi ya kabureta, hazitoki kwa kubembelezwa.

Kilichosaidia: nilipata bisibisi ya JIS, nikaiweka imesimama wima kabisa, nikaigonga kitako kwa nyundo mara 3 au 4 ili mtikisiko uvunje kutu, ndipo nikazungusha. Zote nzima zilitoka. Zile mbili zilizoharibika niliziondoa kwa bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kidogo kila unapoipiga nyundo. Kabureta lazima iegemee kitu kigumu chenye kitambaa, kwa sababu aloi hii hupasuka ikipigwa hewani. Badala yake nimeweka skrubu za urefu na uzi uleule zenye tundu la pembe sita kichwani.

Oringi za zamani zilipotoka zilieleza kila kitu. Zilikuwa ngumu kama ukucha. Ukizikata na kuzitazama kwa upande, hazikuwa duara tena: upande uliobanwa ulikuwa umelala bapa kama herufi D. Oringi huziba kwa sababu inataka kurudi kwenye umbo lake. Ikishasahau umbo, inabaki pete tu.

Nikafungua boksi langu la oringi mchanganyiko, nikachagua 4 zilizolingana kwa macho, nyeusi, laini, nzuri. Nikafunga kabureta, nikazirudisha kwenye injini bila kuzijaribu kwanza mezani. Kuzirudisha peke yake ni saa 2 nzima, kwa kuwa mipira ya kuunganishia injini imekakamaa na inabidi kuipasha kwa maji moto kabla haijakubali.

Saa: 6. Hasara: skrubu 2, tyubu ya silikoni, kama nusu lita ya petroli.

Jumamosi, 17 Mei: Oringi zilizovimba

Zilikaa kavu siku 4, kisha zikavuja kuliko mwanzo, na mara hii mabomba yote mawili ya T. Nilipochomoa bomba la kwanza, oringi haikutoka nalo. Ilikuwa imekua kubwa kupita mfereji wake, imejikunja na kubanwa ukingoni, na kipande chake kilikuwa kimekatwa kama kwa wembe.

Mpira ule haukuwa wa petroli. Boksi langu lina oringi za kila kazi, na zile nilizochagua zilikuwa za EPDM, mpira mzuri sana kwa maji ya moto na kwa mafuta ya breki, lakini ukiuweka kwenye petroli unainywa na kuvimba. NBR, ambao ndio mpira wa kawaida wa oringi za mafuta, na EPDM zote huwa nyeusi. Huwezi kuzitofautisha kwa jicho wala kwa kidole, na rangi nyingine si ushahidi pia: FKM, aina nyingine ya mpira unaovumilia petroli, zipo za kahawia, za kijani na nyeusi.

Kwa hiyo nimeanzisha kipimo ambacho sitakiruka tena. Chukua oringi moja ya kila aina uliyo nayo, pima kipenyo cha nje na unene wa uzi wake kwa kalipa ya vernia, andika. Itumbukize kwenye chupa ndogo ya kioo yenye petroli ileile unayotumia kwenye pikipiki, funga, iache siku 2. Itoe, ifute, pima papo hapo kabla haijakauka. Ile ya boksini ilikuwa imenenepa hata bila kipimo unaona, na ilikuwa imelegea kama tambi. NBR ilibadilika kidogo sana. FKM sikuona tofauti yoyote.

Nimeagiza FKM. Petroli ya siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, na FKM huvumilia mchanganyiko huo vizuri kuliko NBR.

Saa: 3. Hasara: oringi 4, na petroli iliyoloweka kitambaa kizima.

Jumamosi, 24 Mei: Vipimo, kutu nyeupe, na mezani kwanza

Oringi za FKM zimefika. Nilizichagua kwa hesabu. Oringi iliyotulia mahali pamoja hufanya kazi vizuri ikibanwa kiasi cha asilimia 15 hadi 25 ya unene wake. Pima kipenyo cha tundu la kabureta, toa kipenyo cha chini ya mfereji wa bomba, gawa kwa 2: hapo una nafasi iliyobaki kwa oringi. Mfano, nafasi ikiwa milimita 1.6 na oringi ina unene wa milimita 2, inabanwa milimita 0.4, yaani asilimia 20. Usinakili namba hizi. Pima pikipiki yako, maana matundu yaliyokwisha kusafishwa na mafundi mara kadhaa hayalingani tena.

Kabla ya kufunga niliingiza tochi ndani ya matundu. Mawili yalikuwa safi. Tundu la kabureta ya 3, pale kilio kilipoanzia, lilikuwa na unga mweupe upande wa chini, kutu ya aloi iliyokaa na maji kwa miaka. Nilizungusha msasa namba 1000 kwenye kijiti cha mbao, nikaulowesha mafuta mepesi, nikasugua kwa kuzungusha, si kwa kwenda mbele na nyuma, kwa sababu mkwaruzo unaofuata urefu wa tundu ni barabara ya petroli kutoka nje. Nililenga kuondoa unga tu. Vishimo viwili vidogo vimebaki, havizunguki mduara wote, nikaviacha. Ukingo wa tundu nao ulikuwa na makali yanayoweza kukata oringi inapoingia, nikayavunja kwa mguso wa msasa.

Kila oringi ilipakwa oili safi ya injini, tone moja, kisha bomba likasukumwa likizungushwa kidogo.

Jambo jipya: safari hii kabureta hazirudi kwenye injini mpaka zithibitike mezani. Nimetengeneza chupa ya majaribio, ya plastiki inayovumilia petroli, yenye mpira unaogawanyika kwenda mabomba yote mawili, nikaitundika nusu mita juu ya meza. Naanza na mafuta ya taa. Yanapenya kwenye ufa mwembamba na hayatoi mvuke mwingi kama petroli, kwa hiyo yanafaa kwa kipimo cha kwanza.

Bomba la 1 na 2: kavu. Bomba la 3 na 4: baada ya dakika 20, unyevu kwenye mkono wa kabureta ya 4. Oringi mpya, kipimo sahihi, mpira sahihi, tundu safi. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Saa: 4.

Jumapili, 25 Mei: Kioo

Jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa cherehani, alipita akanikuta nimeinamia meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo dude umelikazia wapi?"

"Hapa hapa mezani."

"Meza hii ya mbao?" Akainama, akafumba jicho moja, akatazama midomo ya kabureta kwa mstari mmoja kama anayelenga. "Hii ya mwisho inatazama juu. Bomba lako halikuingia, limelazimishwa."

Alikuwa sahihi. Nilipokaza skrubu za bamba nilianza upande mmoja nikamalizia mwingine, juu ya ubao uliopinda, na kabureta ya 4 ikaganda ikiwa imeinama kidogo. Bomba la T lilikuwa limekaa mshazari ndani ya tundu: upande mmoja oringi imebanwa kupita kiasi, upande wa pili haigusi vizuri. Nadhani ndivyo ilivyokuwa hata kabla yangu, na ndiyo maana uvujaji ulianzia upande huu.

Marekebisho: nimelegeza skrubu zote za bamba, nikaweka safu nzima juu ya kipande kinene cha kioo, midomo ya upande usio na bamba ikitazama chini. Nikazibonyeza kabureta zote 4 mpaka hakuna inayocheza. Nikajaribu kuzungusha kila bomba la T kwa vidole. Likizunguka kwa ugumu ulio sawa mwanzo hadi mwisho, liko sawa. Likikwama mahali, bado kuna mshazari. Nikakaza skrubu kidogo kidogo, kuanzia kabureta za katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu, na kila mzunguko nikijaribu mabomba tena.

Mafuta ya taa, saa 1: kavu. Nikamwaga, nikajaza petroli, nikaacha usiku kucha na karatasi nyeupe chini. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu na nyororo, bila hata duara la doa lililokauka.

Saa: 2.

Jumamosi, 31 Mei: Kurudisha kwenye injini

Kurudisha kwenyewe hakuna jipya: maji moto kwenye mipira, waya 2 za eksileta, choki, boksi la hewa.

Kilichonichelewesha ni mipira ya mafuta. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6.35 ndani, na midomo ya koki na mabomba hapa inataka milimita 5.5. Mpira mpana huingia kirahisi, ndiyo maana unadanganya. Aliyenitangulia aliuziba kwa kukaza klipu ya skrubu mpaka ikaukata mpira nusu. Nimeweka mipira ya 5.5 na klipu za springi, ambazo hubana pande zote na huendelea kubana mpira unapolainika. Mipira nimeikata mirefu kiasi cha kutovuta mabomba ya T, maana mpira mfupi unavuta mguu wa T na kurudisha ule ule mshazari.

Baada ya kutenganisha kabureta, usawa wake hupotea, kwa hiyo nimezisawazisha kwa geji 4 za mvuto wa hewa injini ikiwa ya moto. Kabureta ya 4 ilikuwa nyuma ya wenzake kwa mbali. Sasa injini inatulia bila kutetema, na nilikuwa sijawahi kuisikia hivi.

Saa: 5. Jumla mpaka hapa ni saa 27. Kwa mtu anayeanza na bisibisi ya JIS, oringi za FKM zilizopimwa na kioo mezani, kazi hii nakadiria saa 8.

Jumamosi, 12 Julai: Wiki sita baadaye

Kilomita 640. Nimebadilisha karatasi chini ya injini kila Jumamosi na nimezihifadhi, zote 6 hazina doa la petroli. Leo nimepaka tena chaki kwenye mabomba yote mawili, koki ikiwa wazi dakika 30: nyeupe. Banda halinuki.

Nimeona unyevu mdogo kwenye koki yenyewe, pale kikombe cha chini cha kunasa uchafu kinapofungwa. Nacho kina oringi. Tayari nimezitumbukiza mbili kwenye chupa ya petroli, nitazipima Jumatatu.